Nukta ao mkato? Historia ya alama za hesabu katika TFC zetu

Andikeni 5.000 kwenye karatasi. Ipelekeni kwa mama mwenye duka hapa Kibati: ataona elfu tano, bei ya kitu kwa franka. Ivusheni mpaka ng'ambo Gisenyi, mumpe kijana aliyesoma kwa Kiingereza: ataona tano, yenye sifuri tatu za kuipamba. Sasa andikeni 5,000. Watabadilishana majibu. Mama ataona tano, kijana ataona elfu tano. Kati ya watu hao wawili ni mwendo wa saa moja kwa pikipiki, na namba imekuzwa ao imepunguzwa mara elfu bila mtu kugusa hata tarakimu moja.

Muda wa kutetea kazi umefika tena, na wadogo zetu wananiletea TFC na memwari zao niwasomee kabla hawajaprinti. Mimi nafundisha hesabu na fizikia sekondari, kwa hiyo nikipewa kazi naanzia kwenye majedwali na fomula, maneno nayasoma baadaye. Na kila mwaka nakuta jambo lilelile: alama zinazobadilika njiani. Ukurasa wa 12 ni mkato, ukurasa wa 30 ni nukta. Herufi p ni shinikizo kwenye sura ya pili, ni uwezekano kwenye sura ya tatu, na kwenye kiambatisho imekuwa bei. Maprofesa wanasema ni uvivu wa vijana wa siku hizi. Mimi sikubali. Ukifuata kila alama ilikotoka, utakuta historia ndefu, na sehemu yake kubwa imepita hapahapa kwetu, kwenye barabara hii ya kwenda Rutshuru.

Tuelewane kwanza. Katika andiko hili natumia mkato kwa sehemu za kumi, na nafasi tupu kwa maelfu. Nyiragongo ina mita 3 470. Nikiandika 5.000 ao 5,000, naonyesha alama tu, sitaji kiasi.

Miaka michache iliyopita dada mmoja wa kwetu aliandika kazi kuhusu mazuku. Kwa msomaji wa mbali asiyejua neno hili: ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye nchi yetu ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, basi inajilaza kwenye mashimo na mabonde. Haionekani, haina harufu. Asubuhi kabla upepo haujaamka ndiyo mbaya zaidi, na mtoto mfupi ao mbuzi anaipata kabla ya mtu mzima. Dada yetu alikuwa anapima mashamba upande wa magharibi ya mji, njia ya Sake, kule karibu na ziwa.

Chombo alichoazimwa kilitengenezwa kwa Kiingereza. Kinatoa jibu kwa asilimia na kinatumia nukta. Kwenye shimo moja kilimwandikia 4.870, yaani 4,87 kwa mia. Halafu kiwango cha usalama akakitoa kwenye hati ya Kifaransa, iliyoandikwa kwa mazoea ya Ubelgiji: 5.000 ppm, maana yake sehemu elfu tano katika milioni. Hicho ndicho kiwango kinachotumika sana kwa mtu anayefanya kazi saa 8 kwa siku. Akaviweka vyote kwenye safu moja ya jedwali. Juu ya safu aliandika CO₂ tu, bila kipimo.

Sasa isomeni ile safu kama mtu ambaye hakufika shambani. Kiwango: 5.000. Shimo: 4.870. Shimo liko chini ya kiwango. Salama!

Siku ya kutetea, mjumbe mmoja wa juri akamwuliza kwa upole tu: "Mama, jedwali lako linasema hii nafasi iko salama. Kichwa cha kazi kinasema ni hatari. Sasa tukuamini wapi?" Dada akajibu: "Prof, mbuzi ya jirani ilifia palepale." Ukumbi ukacheka. Wakamwambia arudi kikao kinachofuata.

Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshaanza kugeuza. Asilimia 1 ni sehemu 10 000 katika milioni. Kwa hiyo 4,87 kwa mia ni ppm 48 700. Hiyo ni karibu mara kumi ya kiwango. Tena imepita 40 000, kiasi ambacho wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanakihesabu kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Mbuzi alikuwa na haki. Jedwali ndilo lililokuwa linasema uongo, na kila tarakimu ndani yake ilikuwa ya kweli.

Hakuna aliyemwuliza zile alama mbili zilikutania wapi. Ndiyo hadithi ninayotaka kuwasimulia.

Tuanze na mtu wa Bruges, mji ulio Ubelgiji ya leo. Simon Stevin alikuwa mhandisi na mtu wa hesabu. Mwaka 1585 alitoa kijitabu kidogo kwa Kiholanzi, De Thiende, akionyesha kwamba wafanyabiashara na wapimaji wa ardhi wanaweza kuachana na mafungu magumu na kufanya kila kitu kwa sehemu za kumi. Lakini Stevin hakutumia nukta wala mkato. Yeye baada ya kila tarakimu aliweka kiduara chenye namba ndani: sifuri kwa namba kamili, 1 kwa sehemu za kumi, 2 kwa sehemu za mia. Wazo zuri, alama nzito. Hebu fikiria kuandika bei ya maharagwe namna ile.

Halafu John Napier wa Scotland, yule wa logi, akaandika mwaka 1617 kwamba namba kamili itenganishwe na sehemu zake kwa nukta ao kwa mkato. Yote mawili yanafaa. Naipenda sana hiyo sentensi yake, kwa sababu mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, ule wa nchi zote zinazofuata mita na kilo, ulikaa Ufaransa ukajadili jambo hilihili. Ukatoa jibu gani? Nukta ao mkato, yote mawili yanakubalika. Miaka 386 imepita na tumerudi kwa Napier. Ila mkutano uliongeza neno moja ambalo ulikuwa umeshalisema tangu 1948: tarakimu zikiwa nyingi, zigawanywe tatu tatu kwa nafasi tupu, na pale kwenye nafasi pasiwekwe nukta wala mkato. Kwa hiyo 5.000 yenye maana ya elfu tano haikubaliki tangu wakati wa Wabelgiji, na 5,000 ya Waingereza vilevile haikubaliki. Mnaona wenyewe vile tumeitii.

Kwa nini bara la Ulaya lilipenda mkato na Waingereza wakapenda nukta? Sababu moja inayotajwa sana ni Leibniz. Huyu Mjerumani alikuwa mtu wa alama kuliko wote. Alama ya kuzidisha ×, iliyowekwa na Mwingereza Oughtred mwaka 1631, hakuipenda kabisa. Mwaka 1698 alimwandikia rafiki yake Johann Bernoulli kwamba inachanganyika na herufi x. Akatumia nukta kuzidisha, na nukta mbili (:) kugawanya. Nukta ikishapewa kazi ya kuzidisha, haiwezi tena kukata sehemu za kumi bila ugomvi. Ubaoni, 2.5 kwa mwalimu wangu wa kidato ilikuwa kumi. Kwenye kalkuleta ya mwanafunzi, 2.5 ni mbili na nusu. Wote wako sawa, na mtoto yuko katikati.

(Wale mnaoandika 3x4 kwenye Word kwa kutumia herufi x kama alama ya kuzidisha, Leibniz aliwalalamikia zaidi ya miaka 300 iliyopita. Kuna alama yake kamili, iko kwenye menyu ya alama. Itafuteni.)

Hizo alama za Leibniz ndizo zilizoshuka na Wabelgiji mpaka kwetu. Misheni zilifundisha hesabu kwa mkato, nukta ya kuzidisha na nukta mbili za kugawanya. Lovanium ilipofunguliwa mwaka 1954, ikiwa mtoto wa chuo cha Louvain, vitabu na maprofesa vilitoka kulekule. Chuo cha Élisabethville kikafuata 1956, cha Stanleyville 1963, na mwaka 1971 vyote vikaunganishwa kuwa UNAZA. Majina ya miji yalibadilika, jina la nchi likabadilika, lakini tg ilibaki tg. Mpaka leo mwalimu wa Kongo anaandika tg x na cotg x, na mtoto anatafuta kitufe cha tg kwenye kalkuleta yake, anakuta tan.

Katikati ya karne iliyopita wakaja Wabourbaki. Ni kikundi cha wanahesabu wa Ufaransa walioanza miaka ya 1930 kuandika kitabu kimoja kikubwa cha hesabu yote chini ya jina la kubuni la Nicolas Bourbaki. Hawa walijua thamani ya kupatana juu ya alama: watu wengi, mkono mmoja. Ile ∅ ya seti tupu ilichaguliwa na mwenzao André Weil, akaitoa kwenye alfabeti ya Kinorwe. Mabano yaliyogeuka nje, ]a, b[, kwa namba zilizo kati ya a na b bila ncha zake, ni ya kwao pia. Mwingereza anaandika (a, b), na kwake hiyohiyo ni jina la pointi kwenye grafu. Hapo mimi nasema wazi, Wabourbaki walishinda. Mabano yanayogeuza mgongo yanaonekana vizuri hata kwa mtu wa mstari wa nyuma darasani.

Ubelgiji ikaichukua hesabu hiyo mpya kwa nguvu. Profesa Georges Papy wa Brussels alitoa kitabu chake cha kwanza cha hesabu ya kisasa kwa sekondari mwaka 1963, kikiwa na mishale ya rangi, na mwaka 1968 shule za sekondari kule zikaanza kulazimishwa.

Wakati huohuo, upande wa pili wa Virunga, mambo mengine yalikuwa yanaenda. Mwaka 1962 walimu na wanahesabu wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe kuandika vitabu vya hesabu mpya kwa nchi za Afrika zinazosoma kwa Kiingereza. Programu hiyo iliendelea mpaka mwisho wa muongo ule, na vitabu vyake watu waliviita kwa jina la mji: hesabu za Entebbe. Hesabu ilikuwa karibu ileile ya Papy, seti na miungano. Alama hazikuwa zilezile. Milima ileile, mvua ileile, upande huu mkato na upande ule nukta.

Na mpaka haukubaki pale ulipokuwa. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kuhamisha masomo kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Gisenyi, tunapokwenda na kurudi kwa mguu, ikahama pia. Vijana wetu waliosoma kule, na wale waliorudi kutoka Kampala, wamerudi na nukta. Intaneti yote imejaa nukta. Kalkuleta ni nukta. Dola ni nukta: pale soko la Virunga utakuta 2.50 ya dola na 2.500 ya franka kwenye karatasi moja, na mama muuzaji hakosei hata mara moja, kwa sababu anaijua bidhaa yake. Msomaji wa memwari haijui bidhaa.

Nukta na mkato ni rahisi kuona. Kuna zingine zinapita kimyakimya.

Chukueni N yenye sifuri ndogo chini, ℕ₀. Kwa mazoea ya Kibelgiji, ambayo mimi nilifundishwa, hiyo sifuri ndogo inasema sifuri imetolewa: 1, 2, 3 na kuendelea. Kwenye vitabu vingi vya Kiingereza na vya Kijerumani, ℕ₀ inasema sifuri imeingizwa: 0, 1, 2, 3. Alama moja, maana zinazopingana kabisa. Wafaransa wenyewe wanatumia nyota, ℕ*, wakitaka kuitoa sifuri. Sasa mwanafunzi anajumlisha uwezekano: nusu, robo, sehemu ya nane, na kuendelea bila mwisho, akisema n iko ndani ya ℕ₀. Kwa kusoma kwetu jumla ni 1, kama uwezekano unavyotakiwa. Kwa kusoma kwao inaongezeka ile ya n = 0, ambayo ni 1 nzima, na jumla inakuwa 2. Uwezekano wa 2 haupo duniani. Msomaji wa Nairobi atadhani mtu wa Goma hajui hesabu, na mtu wa Goma hakukosea kitu.

Ama zile njia za kuchagua vitu 2 kati ya 5. Sisi tunaandika C, tano chini na mbili juu. Wenzetu wanaweka tano juu na mbili chini, ndani ya mabano, bila C. Ukichanganya mikono, ukaweka C ya kwetu lakini kwa mpangilio wao, umeandika njia za kuchagua vitu 5 kati ya 2. Jibu ni sifuri. Lililokuwa linatakiwa ni 10. Nimeliona hilo kwenye kazi ya takwimu iliyonakiliwa nusu kutoka silabusi ya prof na nusu kutoka kitabu cha Kenya kilichopakuliwa kwenye simu. Kompyuta ilikuwa imetoa jibu sahihi. Fomula iliyoandikwa juu yake ndiyo ilikuwa ya nchi nyingine.

Tena msidhani ugonjwa huu ni wetu sisi maskini tu. Alama ya = ilianzishwa na Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557. Alichagua mistari miwili sambamba kwa sababu, alisema, hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hiyo. Lakini Viète, Mfaransa aliyetufundisha kuweka herufi mahali pa namba, aliitumia = kwa tofauti ya namba mbili. Descartes naye mwaka 1637 alikuwa na alama yake nyingine ya usawa. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla Ulaya haijakubaliana hata juu ya neno "sawa".

Na Cambridge! Kwa upendo wa Newton, Waingereza walishikilia nukta zake juu ya herufi kwa zaidi ya miaka 100, wakati bara zima linakwenda mbele na d ya Leibniz. Mwaka 1812 vijana wa hapo chuoni, Babbage, Peacock na Herschel, walianzisha chama cha kuleta alama za bara. Walitafsiri, waliandika, walipiga kelele. Kilichofungua mlango ni kwamba mwaka 1817 Peacock alipewa kuwa mtahini, akaweka d kwenye karatasi ya mtihani. Wanafunzi wakajifunza haraka sana! Wale kati yetu mnaokaa kwenye juri, kisomeni tena hicho kipande.

Kuna mtu ataniambia: hayo yote ni mambo ya wazungu, sisi yanatuhusu nini? Basi panda barabara hii inayopita hapa Kibati, endelea Rutshuru, Kanyabayonga, Butembo, Beni, halafu geuka uteremke mpaka Semliki inapotoka kwenye ziwa Édouard. Pale ni Ishango, ndani ya hifadhi ya Virunga. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa mdogo, karibu urefu wa kalamu iliyokwisha kutumika, wenye kipande cha jiwe la kwazi kwenye ncha. Umechanjwa mistari katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Jumlisheni: 60, 60 na 48. Umri wake unakadiriwa miaka 20 000 hivi. Leo uko Brussels, kwenye makumbusho.

De Heinzelin aliona mchezo wa namba, maana 11, 13, 17 na 19 ndizo namba tasa zote kati ya 10 na 20, na 3 kando ya 6, 4 kando ya 8 zinaonekana kama kuzidisha kwa mbili. Alexander Marshack, Mmarekani, aliona kalenda ya mwezi. Wengine wakaona kuhesabu kwa dazeni. Wengine wanasema mistari ni ya mkono usiteleze. Mimi najua kitu kimoja tu: aliyechanja alikuwa anajua vizuri anachofanya. Mafungu yametengwa, mistari imepangwa, mkono hautetemeki. Lakini mfupa ulibaki bila mtu wa kusema mstari mmoja ni kitu gani. Mwezi? Samaki? Deni la jirani? Ndiyo maana mpaka leo wataalamu wanagombana.

TFC nyingi ninazosoma zina hali ya mfupa wa Ishango. Mwandishi alijua. Msomaji atakisia.

Dada yetu wa mazuku alirudi kwangu wiki ileile na kazi yake, amekasirika, ana haki ya kukasirika. Tulikaa mchana mzima. Hatukubadilisha hata kipimo kimoja. Tulichofanya ni kuandika ukurasa mmoja kabla ya utangulizi: mkato ni wa sehemu za kumi, maelfu yanatengwa kwa nafasi tupu, gesi yote inatolewa kwa ppm, t ni saa ya kupima, T ni joto, h ni kimo kutoka ardhini. Kila herufi kazi moja, mpaka mwisho. Halafu tukapita jedwali kwa jedwali. Kipimo kikaandikwa kwenye kichwa cha kila safu. Palipokuwa na 4.870 pakawa 48 700, na maelezo mafupi chini kwamba chombo kilitoa asilimia. Excel ilitusumbua kuliko prof yeyote, juu ya ilikuwa imewekwa kwa Kifaransa, na kila namba yenye nukta iliiona kuwa maneno, ikakataa kuijumlisha. Kumbe zile jumla za kwanza zilikuwa zinaacha nusu ya vipimo nje, na hakuna mtu aliyejua. Hata juri haikuona.

Mara ya pili yule mjumbe alifungua ukurasa wa alama, akaangalia jedwali, akauliza tu kama wenye shamba wamekwisha kuambiwa. Walikuwa wameambiwa. Dada alipita.

Kwa mnaoandika mwaka huu, namba ya kuogopa zaidi ni ile yenye tarakimu tatu baada ya alama. 0,5 na 0.5 hazitamdanganya mtu, na 2,50 inaeleweka pande zote. Ni 4.870, 1,250 na ndugu zao ndizo zinazoua, kwa sababu zinasomeka vizuri namna zote mbili. Ukinakili kutoka kitabu cha Kiingereza, geuza alama zake ziwe zako na useme umegeuza. Ukinukuu fomula ya mtu, iache ivae nguo zako. Na tafadhali, mshale ⇒ uko pale kwa hoja ya hesabu, usiutumie badala ya "kwa hiyo" kwenye sentensi kuhusu wakimbizi wa 2008.

Je, tuhamie nukta wote, tufanane na majirani? Nimeulizwa hilo mara nyingi, na sasa kwamba LMD imetufungulia njia ya kusomea pengine, litaulizwa zaidi. Mimi binafsi nabaki na mkato nikiandika Kifaransa ao Kiswahili, na naandika nukta nikituma kitu Kampala. Yote mawili ni halali tangu Napier. Nisichokubali ni yote mawili kwenye ukurasa mmoja.

Nina swali kwa wakubwa wetu waliosoma enzi za UNAZA, na kama bado tunaye wa Lovanium, kwake zaidi: nyinyi kwenye daftari zenu mliandika ℕ₀ ao ℕ*? Na mishale ya rangi ya Papy, iliwafikia ao iliishia Brussels? Mwenye daftari la zamani apige picha ya ukurasa mmoja tu, tuone.